Sila, Filla, Karatasi au Epoksi: Namna ya Kuchagua Umaliziaji wa Mapezi ya Balsa

Mbao ya balsa imekuwa malighafi ya kawaida ya mapezi ya roketi za modeli tangu shughuli hii ilipoanza kuenea nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na sababu za kuipenda hazijabadilika. Ni nyepesi mno, hukatika kwa kisu chenye makali bila kuhitaji msumeno, hushika vizuri gundi ya kawaida ya mbao, na nyuzi zake zikielekezwa inavyopasa hustahimili mwendo wa roketi bila shida. Hata hivyo, mti wenyewe, ambao wataalamu huuita Ochroma pyramidale, hukua kwa haraka sana na mbao yake ina seli kubwa zenye kuta nyembamba, pamoja na mishipa mipana iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai. Mbao inapopasuliwa, mishipa hiyo hubaki wazi juu ya uso ikiwa mifereji na vitundu. Ukipuliza rangi moja kwa moja juu yake, rangi huzama, nyuzi husimama, na kila mfereji huonekana. Na rangi ikiwa ya kung'aa, mifereji huonekana zaidi, kwa kuwa mng'ao hufichua hata bonde dogo ambalo rangi isiyong'aa ingeweza kulisitiri.

Ndiyo maana mapezi hujazwa kabla ya kupakwa rangi, na njia za kuyajaza ni nyingi. Katika ulinganisho huu nitaweka ubavu kwa ubavu filla ya mbao inayoyeyuka kwa maji, sila (laka yenye unga wa kujaza vitundu), karatasi ya kubandika, gundi ya papo hapo (super glue), epoksi (utomvu wa sehemu mbili unaoganda ukichanganywa), na praima nzito ya kupuliza, yaani rangi ya kutangulia. Mara nyingi njia hizi hulinganishwa kwa swali la ipi inatoa uso laini zaidi, lakini swali hilo halisaidii sana kuchagua, kwa sababu zote sita zikifanywa kwa uvumilivu hutoa uso laini. Tofauti yao kubwa ni kile kinachobaki baada ya msasa wa mwisho, yaani ni kiasi gani kinabaki, na je, kinabaki ndani ya vitundu tu au kinatanda juu ya mbao yote.

Uzito wa mkiani una gharama mbili

Mapezi yapo nyuma kabisa ya roketi, na hilo hufanya kila gramu inayoongezwa pale iwe na athari kuliko gramu ileile ikiongezwa katikati ya mwili. Roketi huruka kwa utulivu pale kitovu cha uzito wake (mahali inaposawazika ikining'inizwa) kinapokuwa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (mahali ambapo nguvu za hewa za pembeni hukutana), na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba umbali kati ya vitovu hivyo usipungue kipenyo kimoja cha mwili. Kitovu cha msukumo wa hewa hutokana na umbo, kwa hesabu ambazo mhandisi James Barrowman alizitoa katika miaka ya 1960, na umaliziaji wa mapezi haukibadilishi kwa kiasi cha maana. Kinachosogea ni kitovu cha uzito, na husogea nyuma.

Tuchukue roketi yenye mapezi manne, kila pezi likiwa na eneo la sentimita za mraba 30 kwa kila upande na unene wa milimita 2.4. Balsa ya wastani ina uzito wa gramu 0.16 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mapezi yote manne yakiwa matupu yana uzito wa gramu 4.6 hivi, na jumla ya nyuso zake ni sentimita za mraba 240. Tuseme roketi hiyo, ikiwa na injini yake ndani, ina gramu 60, na mapezi yapo sentimita 20 nyuma ya kitovu cha uzito. Ukiongeza gramu 2 tu kwenye mapezi, kitovu hicho kinarudi nyuma kwa milimita 6 na nusu hivi. Katika roketi yenye mwili wa kipenyo cha milimita 25, hiyo ni takriban robo ya kipenyo kizima, na roketi iliyokuwa na utulivu wa kutosha kwa hesabu inaweza kujikuta na utulivu ulio chini ya kiwango bila mjenzi kujua. Unaweza kurekebisha kwa kuongeza uzito kwenye pua, lakini pua ikiwa sentimita 25 mbele ya kitovu, utahitaji gramu 1.6 nyingine, na umaliziaji wa gramu 2 umekwisha kuwa mzigo wa gramu 3.6 ambao injini lazima iubebe hadi juu.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayozitenga njia hizi vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kujaza vitundu peke yake hakuongezi uzito mwingi, ila kuifunika mbao yote kwa tabaka hata la sehemu ya kumi ya milimita ni jambo jingine kabisa.

Faida ya ulaini ipo, lakini umbo la ukingo hutangulia

Wapo wanaodhani kulainisha mapezi ni urembo tu. Kwa roketi ya onyesho hoja hiyo ina ukweli fulani, lakini kwa roketi inayotakiwa kwenda juu iwezavyo si kweli. Pezi lenye upana wa sentimita 5 linalokata hewa kwa mita 50 kwa sekunde bado lipo katika kiwango ambacho hewa inayoligusa inaweza kupita kwa utaratibu, tabaka juu ya tabaka, bila kuvurugika. Kwa kanuni za kawaida za bamba bapa, msuguano wa hewa iliyovurugika katika kiwango hicho hukaribia mara mbili ya ule wa hewa tulivu, na mifereji ya balsa isiyojazwa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuivuruga mapema.

Pamoja na hayo, hakuna filla itakayolisaidia pezi lililoachwa na kingo za mraba. Ukingo wa mbele uviringishwe na ukingo wa nyuma upunguzwe hadi uwe mwembamba kwanza, kwa msasa wa namba 220 uliofungwa kwenye kibao bapa, ndipo kujaza kuanze. Mjenzi mwenye muda mchache na autumie muda huo kwenye kingo, kisha ajaze kwa njia rahisi kuliko zote; roketi yake itapanda juu kuliko ile yenye uso wa kioo na kingo za mraba.

Filla ya maji ikilinganishwa na sila

Njia mbili hizi ndizo zinazoshindana kwa haki, kwa sababu zote mbili zina lengo moja la kujaza vitundu na kuiacha mbao ibaki kuwa mbao.

Filla ya mbao ya maji, ile laini na nyepesi inayouzwa ndani ya kopo kwa ajili ya kuziba matundu ya misumari kwenye samani, huzimuliwa kwa maji kidogo hadi iwe nzito kama rangi ya kupaka kwa brashi. Hupakwa kwa brashi au kwa kidole kilichovaa glavu, ikisukumwa kwa kukatiza nyuzi ili izame ndani ya mifereji badala ya kuteleza juu yake. Ikishakauka hupigwa msasa wa namba 220 na kumaliziwa kwa namba 320 au 400, na kazi huwa imefanyika vizuri pale ambapo mbao yenyewe imeanza kuonekana tena, huku mistari ya filla ikiwa imebaki ndani ya mifereji peke yake. Hapo ndipo wanaoanza hukosea mara nyingi: huacha kupiga msasa mapema kwa sababu uso tayari unahisi laini mkononi, na kwa kufanya hivyo huacha juu ya pezi tabaka ambalo halina kazi yoyote. Karibu filla yote uliyoipaka inapaswa kugeuka vumbi.

Uzuri wa filla ni kwamba haina harufu kali, brashi husafishwa kwa maji, tabaka moja au mawili hutosha, na kosa lolote husawazishwa kwa msasa bila kuhitaji thina. Upungufu wake ni kwamba haiongezi nguvu hata kidogo. Pezi lililojazwa filla hubaki teketeke vilevile kama lilivyokuwa, ukucha unaweza kuacha alama juu yake, na kwenye ukingo mwembamba filla inaweza kubanduka vipande vidogo roketi ikigonga ardhi. Vumbi lake pia ni jingi na jepesi, kwa hiyo barakoa ni ya lazima na kazi hiyo haifai kufanywa karibu na rangi mbichi. Zaidi ya hayo, filla hunywa rangi tofauti na mbao iliyo pembeni yake, na kwa sababu hiyo praima nyepesi lazima ifuate.

Sila ya jadi ni laka iliyochanganywa na unga laini, mara nyingi wa zinki stearati, ambao huifanya isagike kuwa poda nyeupe badala ya kuziba msasa. Wajenzi wa ndege za modeli wa zamani walikuwa wakijitengenezea yao kwa kuchanganya dopu (laka ya kugandisha karatasi ya ndege za modeli) na poda ya talki, na mchanganyiko huo bado unafanya kazi. Sila huingia ndani ya nyuzi za juu na kuzigandisha, hivyo uso wa pezi huwa mgumu kidogo na kingo nyembamba hupata uthabiti ambao filla haiwezi kuzipa. Huu ndio ubora wake wa kweli, na ndiyo sababu wajenzi wengi wenye uzoefu hawajaiacha.

Lakini sila husinyaa inapokauka. Kiyeyushi kinapotoka, kile kilichojaa ndani ya mfereji hushuka na kuacha bonde dogo zaidi, na ndiyo maana huhitaji tabaka tatu, nne au hata tano, kila moja ikipigwa msasa kabla ya inayofuata. Mtu akipiga msasa kila tabaka hadi karibu na mbao, uzito wa mwisho huwa mdogo. Akipiga msasa wa juujuu tu ili kuharakisha, matabaka yanajilimbikiza. Mvuke wake unawaka kwa urahisi na hauvutwi bila madhara, kwa hiyo sila ya laka hutumiwa nje au mahali penye hewa inayopita, mbali na moto wowote. Zipo sila za maji ambazo hazina shida hiyo, ila nazo huinua nyuzi za balsa katika tabaka la kwanza, na mjenzi asishangae uso ukiwa na manyoya kabla ya msasa wa kwanza.

Zote mbili zina hatari moja inayofanana, nayo ni kupinda kwa pezi. Ukipaka upande mmoja na kuuacha ukauke kabla ya kupaka wa pili, maji ya filla huvimbisha nyuzi za upande huo, au kusinyaa kwa sila huuvuta, na pezi jembamba hukunjika. Pande zote mbili zipakwe kwa mfululizo, pezi likishikwa kwa pini au kibanio kwenye ukingo wa shina (ule utakaogundishwa kwenye mwili), na filla ikishakauka kwa kugusa, mapezi yawekwe kati ya karatasi mbili za nta chini ya kitu bapa na kizito hadi yakauke kabisa. Pezi lililopinda si kasoro ya macho tu, kwa sababu huifanya roketi izunguke inapopanda na kupoteza kimo.

Kati ya hizi mbili, kwa mtu anayejenga ndani ya nyumba na anayetaka kumaliza kazi siku moja, ninapendekeza filla bila kusita. Anayejenga roketi ndogo yenye mapezi membamba ambayo hayatapata karatasi, na ambaye ana mahali pa wazi pa kufanyia kazi, atafanya vizuri kuchagua sila kwa ajili ya ule ugumu wa kingo. Hakuna kinachomzuia mtu kutumia zote mbili, filla kwanza ili kujaza mifereji kwa mara moja, kisha tabaka moja la sila ili kuugandisha uso. Njia hii ya pamoja huchukua muda mrefu zaidi, lakini matokeo yake ni mazuri kuliko ya njia yoyote peke yake, na uzito wake hubaki mdogo endapo msasa umepigwa kwa uaminifu.

Karatasi ni njia ya aina nyingine

Kubandika karatasi juu ya pezi hakujazi kitu chochote. Huifunika mbao kwa ngozi mpya ambayo tayari ni laini, na kwa hiyo haifai kuilinganisha na filla kana kwamba zinafanya kazi moja. Karatasi ya kawaida ya ofisini yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, ikifunika zile sentimita za mraba 240 za roketi ya mfano wetu, huongeza gramu 1.9 kabla hata ya gundi. Hiyo ni karibu mbili kwa tano ya uzito wa mbao yenyewe, na inatosha kukisogeza kitovu cha uzito kama tulivyoona. Mtu anayesema karatasi ni nyepesi hajaipima.

Kinachopatikana kwa uzito huo ni nguvu, na si nguvu kidogo. Bamba linapopindwa, sehemu zilizo mbali zaidi na katikati ndizo zinazobeba mvutano na mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo ngozi mbili ngumu zilizotenganishwa na kiini chepesi huwa thabiti mno kuliko kiini hicho peke yake. La muhimu zaidi kwa roketi ni kwamba balsa hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake. Mapezi mengi yanayovunjika wakati wa kutua huvunjika kwa mstari ulionyooka sambamba na nyuzi, na karatasi iliyobandikwa pande zote mbili hukatiza mstari huo na kuzuia mpasuko usianze. Kwa pezi kubwa lenye ncha inayotokeza nyuma ya mwili, yaani lile litakalogusa ardhi kabla ya kitu kingine chochote, ukiacha tishu nitakayoieleza hapa chini, sijaona njia yenye uwiano mzuri zaidi wa nguvu na uzito kwa mjenzi asiye na vifaa maalumu.

Namna ya kubandika ina athari kubwa kwa matokeo. Karatasi hukatwa kipande kimoja kinachotosha pande zote mbili, hukunjwa kuzunguka ukingo wa mbele, kisha husuguliwa kutoka ukingo huo kuelekea nyuma ili hewa itoke. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo na kupakwa kwa wembamba hushika kwa kudumu lakini huleta maji, kwa hiyo pande zote mbili zibandikwe kwa mkupuo mmoja na pezi liwekwe mara moja chini ya uzito. Gundi ya kijiti haileti maji mengi na ni rahisi kuisambaza, ila hushika kwa udhaifu zaidi, na roketi iliyoachwa juani inaweza kuota malengelenge. Karatasi za lebo zenye gundi yake ndizo rahisi kuliko zote na hazipindi pezi, ingawa kingo zake huanza kuinuka zisipozuiwa. Kwa aina zote, ukingo wa nje na ukingo wa nyuma ambako karatasi imekatwa hupitishiwa gundi ya papo hapo iliyo nyepesi, kisha msasa laini.

Karatasi haipendi msasa kabla ya praima. Ukiisugua ikiwa kavu na tupu hutoa manyoya, na manyoya hayo hayarudi kulala vizuri. Wala haifai kwa pezi lililochongwa kwa umbo la bawa lenye mbonyeo unaobadilika pande mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu karatasi hukubali kuviringishwa upande mmoja tu na hukunjamana ikilazimishwa. Pezi bapa lenye ukingo wa mbele wa mviringo na wa nyuma uliopunguzwa halina shida hiyo.

Kwa wanaoshindania kimo au muda wa kukaa hewani, karatasi ya tishu ya modeli ni jambo tofauti kabisa. Yenye gramu 12 kwa mita ya mraba huongeza gramu 0.3 hivi tu kwenye mapezi yale yale, na ikipakwa dopu iliyozimuliwa huganda na kulipa pezi jembamba uthabiti unaoonekana ukilipinda kwa vidole. Kazi yake ni ya kusumbua, kwa kuwa tishu huchanika ikiwa imelowa na dopu ina mvuke unaowaka kama ule wa sila. Hata hivyo, kwa upande wa nguvu inayopatikana kwa kila gramu, ninaiweka juu ya njia zote zilizomo katika ulinganisho huu.

Gundi ya papo hapo na epoksi

Gundi ya papo hapo iliyo nyepesi huzama ndani ya balsa kwa sekunde chache na kuigeuza kuwa ngumu, na kwa sababu hiyo wengi huvutiwa kuitumia juu ya uso wote. Sishauri hivyo. Haizami kwa usawa, kwa hiyo pezi hubaki na mahali pagumu na mahali laini, na msasa hula kwa kasi palipo laini na kuacha mawimbi ambayo yanahitaji filla kuyasawazisha. Moshi wake huwasha macho na pua, na ikimwagika kwa wingi juu ya pamba au sufi hupata joto kali kiasi cha kuunguza ngozi na kutoa moshi. Isifutwe kwa kitambaa cha pamba wala isitumiwe kwa glavu za pamba. Mahali pake sahihi ni padogo: kwenye ukingo wa nje, kwenye ukingo mwembamba wa nyuma, na kwenye ncha itakayogonga ardhi. Hapo matone machache hufanya kazi kubwa kwa uzito usiohisika.

Epoksi ya kumalizia, ile nyepesi inayoganda taratibu, hutoa uso wa kioo usiopenywa na maji wala mafuta, na haisinyai kama sila. Lakini tabaka la milimita 0.1 tu juu ya mapezi yetu manne lina uzito wa gramu 2.6 hivi, na ni vigumu kulipaka jembamba zaidi ya hapo bila kulikwangua kwa kadi ngumu hadi karibu liishe lote. Ikichanganywa na vijipovu vya kioo huwa nyepesi zaidi na kukubali msasa kwa urahisi, ila pia huhitaji vipimo sahihi, glavu, na saa nyingi za kusubiri. Roketi inayohitaji epoksi juu ya mapezi yake, kwa maoni yangu, kwa kawaida ni roketi ambayo mapezi yake yangepaswa kukatwa kwenye plaiwudi tangu mwanzo, na plaiwudi haina mifereji mikubwa ya kujazwa.

Praima nzito

Praima ya kupuliza yenye unga mwingi inaweza kujaza balsa bila msaada, na kwa roketi ndogo inayojengwa kwa ajili ya kujifunza hilo linakubalika. Tabaka tatu au nne, msasa wa namba 320 au 400 kati yake, na mifereji mingi hutoweka. Tatizo ni kwamba praima hutua juu ya kila mahali kwa usawa, juu ya mabonde na juu ya vilima, kwa hiyo kuondoa mabonde kunadai tabaka nene na msasa mwingi, na mtu mvivu wa msasa hubaki na mzigo wote mkiani. Kazi inayoifaa zaidi ni kufuata filla au karatasi kwa tabaka moja au mawili.

Hapo praima ina faida ambayo nyingine hazina, ya kuonyesha kasoro. Uso wa rangi moja isiyong'aa huonyesha kila mkwaruzo uliosahaulika, na ukipuliza juu yake ukungu mwepesi wa rangi tofauti kisha ukapiga msasa kwa kibao bapa, mabonde yatabaki na ile rangi ya pili na utajua hasa ni wapi pa kurudia. Msasa wa maji hutoa uso bora katika hatua hii, lakini usianze kabla mbao haijafunikwa kabisa, kwa sababu maji yakiingia kwenye sehemu moja iliyo wazi huvimbisha nyuzi na kuinua rangi iliyo juu yake.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Ukingo wa shina, yaani ule unaogundishwa kwenye mwili, uachwe mtupu katika njia zote. Gundi ya mbao hupata nguvu kwa kuingia ndani ya nyuzi, na ikikuta sila, epoksi au gundi ya papo hapo iliyokwisha kuganda itashika uso tu. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi hutosha kuulinda, na kwa pezi la karatasi ziada hukatwa sambamba na ukingo huo. Kujaza kabla ya kugundisha ni bora kuliko baada, kwa kuwa pezi lililolala juu ya meza hupigwa msasa kwa usawa, ilhali pezi lililokwisha kusimama kwenye mwili huwa na pembe ambazo kibao hakifiki, na msasa hukwaruza karatasi ya bomba la mwili.

Uchaguzi wa balsa yenyewe nao hupunguza kazi. Ubao uliopasuliwa ili uonyeshe madoa mafupi yanayometa badala ya mistari mirefu ni mgumu kupinda, na ndio unaofaa zaidi kwa mapezi bapa, ilhali ule mwepesi sana hunywa filla bila kushiba. Nyuzi zielekezwe sambamba na ukingo wa mbele, la sivyo hakuna karatasi wala sila itakayoliokoa pezi lisivunjike kwenye shina.

Kwa roketi ya kwanza ya mtu, basi, yenye mapezi ya milimita 2.4 na injini ndogo, ningechagua filla ya maji na praima mara mbili. Kwa roketi ndefu yenye mapezi makubwa yanayotokeza nyuma, ningechagua karatasi, na ningepima upya kitovu cha uzito kwa kuining'iniza roketi kwenye uzi ikiwa na injini na parachuti ndani, kisha kuongeza uzito kwenye pua kabla ya kupaka rangi ya mwisho na si baada ya safari ya kwanza. Kwa roketi ya mashindano ningechagua tishu na dopu, au sila tabaka mbili zilizopigwa msasa hadi kwenye mbao, na rangi nisiweke kabisa. Na kwa mtu ambaye tayari ana makopo kadhaa ya rangi za aina mbalimbali, ajaribu kwanza mfululizo wote, kuanzia filla hadi vanishi, kwenye kipande cha balsa kilichobaki: laka ikipulizwa juu ya rangi ya enameli ambayo haijakauka sawasawa huikunja na kuiinua, na pezi likishafikia hapo hakuna njia ya kulirekebisha isipokuwa kulisugua hadi kwenye mbao na kuanza upya na filla.